Tarakilishi kuukuu: Okoa faili kwanza, kisha uiunganishe na vifaa vya kisasa

KATIKA nyumba nyingi za magharibi mwa Nairobi, kuanzia Lavington na Kileleshwa hadi Kangemi na Kawangware, si ajabu kupata tarakilishi kuukuu iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa sebule.

Ilinunuliwa mapema miaka ya 2000, ikatumiwa na watoto kuandika kazi za shule, kisha ikasahaulika vipakatalishi na simu za kisasa zilipoingia. Hata hivyo, ndani yake huenda mmebaki picha za arusi, barua za marehemu mzazi au hati za shamba ambazo hazipatikani kwingine.

Swali ni je, mashine kama hiyo yaweza kufufuliwa na kuunganishwa na vifaa vya leo? Jibu ni ndiyo, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Wengi hukosea kwa kuiwasha papo hapo baada ya miaka mingi, wakaharibu kile walichotaka kukiokoa.

Jambo la kwanza ni umeme. Mashine nyingi za enzi hizo zina swichi ndogo nyekundu upande wa nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya, yenye tarakimu 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, hivyo swichi hiyo sharti iwe kwenye 230. Ikiwa mashine ilitoka Marekani na swichi ingali kwenye 115, kisanduku cha umeme kitaungua mara tu itakapowashwa.

Pili, kifuniko kifunguliwe na vumbi liondolewe kwa brashi laini. Fundi achunguze vikopo vidogo vya kapasita kwenye bodi kuu. Vikiwa vimefura juu au vinavuja, vibadilishwe kabla ya umeme kupitishwa. Skrini nene za kioo zisifunguliwe na asiye na ujuzi, kwani huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: kunakili faili. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na kila zinapowashwa huzidi kuchakaa. Njia salama ni kuitoa diski na kuiunganisha na tarakilishi mpya kwa adapta ya kugeuza waya mpana wa IDE kuwa USB. Adapta hiyo iwe na chaja yake, kwa kuwa diski kubwa za mezani huhitaji volti 12, ambazo USB ya kawaida haitoi. Faili zikishapatikana, zihifadhiwe mahali pawili tofauti.

Vifaa vya aina hii hutafutwa katikati ya jiji, hasa katika barabara ya Luthuli, iliyopewa jina la Albert Luthuli, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka wa 1960. Barabara hiyo, iliyofanyiwa ukarabati mwaka wa 2019 kuwapa wanaotembea kwa miguu nafasi zaidi, imejaa maduka ya elektroniki, na mafundi wake wamezoea kutengeneza vitu ambavyo kwingine hutupwa.

Mnunuzi aende na kifaa chake cha zamani mkononi ili kilinganishwe. Kumbukumbu za DDR, DDR2 na DDR3 hufanana machoni, lakini pengo la kila moja liko mahali tofauti na haziingiliani. Vivyo hivyo, adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI si sawa na ya kutoka HDMI kwenda VGA. Anayetaka kuunganisha tarakilishi ya zamani na televisheni mpya ahitaji ile ya kwanza, na aghalabu nayo huhitaji umeme wake.

Betri ndogo ya mviringo ya CR2032 nayo isisahauliwe. Ikiisha nguvu, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi. Tovuti nyingi hukataa kufunguka tarehe isipolingana na vyeti vyake vya usalama, na mwenye mashine hudhani mtandao umeharibika.

Kuhusu mtandao wenyewe, soketi ya waya haijabadilika tangu enzi hizo. Mashine yenye soketi hiyo yaweza kuunganishwa moja kwa moja na ruta ya leo. Tatizo ni programu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na tangu wakati huo mashine zinazoitumia ziko wazi kwa wadukuzi. Zisitumiwe kamwe kwa huduma za benki wala za serikali.

Badala yake, waweza kuweka Linux, ambayo hailipiwi. Lakini hata huko nafasi inapungua: toleo la 13 la Debian, lililotolewa Agosti 2025, haliwekwi tena kwenye mashine za biti 32. Toleo la 12 lingali linafaa kwa mashine hizo.

Suala hili haliwahusu wenye mashine za miaka 20 pekee. Tarehe 14 Oktoba 2025, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizoundwa kabla ya 2017. Tarakilishi nyingi za mitumba ambazo ni nzima zikawa kuukuu siku hiyo. Kwa hizi, kumbukumbu ya ziada, diski ya SSD na Linux hutosha kuzipa uhai mpya kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyingine.

Mashine isiyofufuka nayo isitupwe jaani, kwani kioo na bodi zake zina risasi, madini yenye sumu. Jijini Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za elektroniki. Kabla ya kuipeleka, diski itolewe au ifutwe kabisa. Kitambulisho au nambari ya akaunti iliyosahaulika humo yaweza kumgharimu mwenyewe zaidi ya thamani ya tarakilishi yote.