Wosia Huja Kuchelewa

Mzee nchini Kenya akiita kikao cha familia na kutamka shamba la juu ni la nani na la mtoni ni la nani, wengi huamini kazi imekwisha. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haioni hivyo: wosia wa mdomo hutambuliwa ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu. Akijaliwa kuuona mwezi wa nne, aliyoyasema yamebaki kuwa mazungumzo. Wosia wa maandishi hauna kikomo hicho, ila hauna kazi yoyote maadamu mwenyewe yu hai, na shida nyingi za uzeeni humkuta mtu angali hai, akili ikianza kumpotea. Hapo watu hukimbilia hati ya uwakili, inayompa mwana idhini ya kutia sahihi kwa niaba ya mzazi. Lakini kwa kanuni tuliyoirithi kwa Waingereza, wakili hawezi kuwa na uwezo ambao aliyemtuma hana tena. Akili ya mzazi ikiondoka, hati huondoka nayo. Uingereza ilijirekebisha mwaka 1985, kisha 2005. Kwetu, familia huishia kuiomba Mahakama Kuu imteue msimamizi wa mali, shughuli ya gharama na ya kumwanika mgonjwa.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili ndiye huumia zaidi. Asipoachiwa wosia, fungu lake hushikiliwa kwa amana mpaka afikishe miaka 18, kwa sababu sheria huhesabu miaka, haipimi uelewa. Baada ya hapo ana ploti kwa jina lake asiyoweza kuikodisha wala kuilinda, na ami zake wanajua. Ndiyo maana naona hati ya kwanza kuandikwa iwe ya amana, mzee akiwa na akili timamu: mali iwe mikononi mwa wadhamini wawili, mmoja asiwe wa ukoo, na ielezwe wazi nani atunzwe, kwa kipato kipi.

Wapo wasemao wadhamini nao huiba. Huiba, naam, ila mdhamini hudaiwa hesabu na hushtakiwa, ilhali kijana aliyepewa namba ya siri ya M-Pesa ya mama yake haulizwi na mtu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba amana humfanya mlemavu mtoto wa milele. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, unawapa uwezo wa kisheria sawa na wengine, kwa hiyo hati iwalazimishe wadhamini kumuuliza anataka kuishi wapi na na nani. Waislamu nao, ambao wosia wao hauvuki thuluthi wala haumwongezei mrithi fungu bila ridhaa ya wenzake, wana wakfu na hiba za uhai.

Gharama sina jibu lake zuri. Mwenye nusu ekari na ng'ombe mmoja hatamudu ada za amana kamili. Huyo aiweke amana ndani ya wosia wenyewe, na mashahidi wasiwe warithi, kwani anayeshuhudia wosia unaompa kitu aweza kukikosa.