Kutoka Koboko hadi Nabugoye: Safari ya Neno "Darsa"

Swala ya magharibi ikimalizika katika msikiti wa Koboko, wako wanaonyanyuka kwenda zao na wako wanaosogea mbele. Shekhe anafungua kitabu, anasoma sentensi moja ya Kiarabu, anaigeuza kwa Kiswahili au Kinubi, kisha anaifafanua. Hiyo ndiyo darsa. Jumapili mjini Arua nako kuna mfano wake: mhubiri anasema kwa Kiingereza, na mkalimani aliyesimama ubavuni mwake anayadaka maneno kwa Kilugbara kabla hayajapoa. Watu wa West Nile hawahitaji kufundishwa kwamba kitabu kitakatifu hutaka mtu wa kukifungua na mwingine wa kukivusha lugha.

Neno darsa lina ndugu wa mbali. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na mzizi uliotupa darsa, darasa na madrasa una mwenzake katika Kiebrania. Huko umezaa midrashi, yaani ufafanuzi wa maandiko, na derasha, ambayo ndiyo mahubiri ya sinagogi. Nyumba ya kusomea dini Wayahudi huiita bet midrashi. Hata yule mkalimani wa Arua ana jamaa yake: zamani, Wayahudi wengi walipokuwa wakizungumza Kiaramu, kando ya msomaji wa sinagogi alisimama mtu akigeuza aya moja baada ya nyingine. Aliitwa meturgemani. Mswahili akisema tarjuma, au akimwita mtu mtarjumani, anatumia neno la ukoo uleule.

Katika Kiebrania mzizi huo hubeba maana ya kutafuta na kuulizia, na kweli derasha ni utafutaji. Torati, yaani vile vitabu vitano vya Musa, imegawanywa katika mafungu 54, na kila juma lina fungu lake mpaka mwaka uishe. Mhubiri, kwa hiyo, hajichagulii somo. Juma likileta kisa cha Yusufu na kaka zake, amebahatika. Likileta vipimo vya mbao za hema au sheria za magonjwa ya ngozi, hana pa kukimbilia. Atachimba humohumo mpaka apate la kuwaambia watu wake. Hapo ndipo penye uzuri wa desturi hii: waumini wamekwisha kulisoma fungu hilo, na wanakaa wakisubiri kuona mwenzao amechimbua nini.

Nchini Uganda desturi hiyo ina wenyewe, na makazi yao yako upande wa pili wa nchi. Anayetoka Arua huvuka Nile pale Pakwach, akapita Lira na Soroti hadi Mbale. Nje kidogo ya mji wa Mbale kuna kilima kiitwacho Nabugoye, na hapo ndipo kitovu cha Abayudaya, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni Wayahudi tu. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyewahubiria. Waliifikia dini yao kwa kusoma.

Aliyesoma alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala Uganda ya mashariki, kisha akakosana nao. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kuchapishwa kwa Kiganda mwaka 1896, na Kakungulu aliisoma kama mtu anayekagua hati ya shamba, neno kwa neno. Akaona kwamba Sabato ni Jumamosi, na kwamba tohara imeamriwa. Mwaka 1919 alijitahiri, yeye na wanawe, na akajitangaza kuwa Myahudi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1922, alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa 90 chenye kanuni na sala kwa wafuasi wake. Katika miaka hiyo ya 1920 akatokea Myahudi wa kigeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Jumuiya ikaachiwa kitabu, masomo ya Yosef, na mazoea ya kukaa Jumamosi na kufafanuliana.

Mazoea hayo yalipata kipigo kikubwa kutoka kwa mtu ambaye jina lake Koboko wanalijua mno. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa huko, alichukua madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata alivunja uhusiano na Israeli, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku nchini. Masinagogi yakafungwa. Inakadiriwa kwamba Abayudaya walikuwa kama 3,000 kabla ya utawala wake, na kufikia mwisho wake walikuwa wamebaki kama 300. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Waliobaki walisali majumbani, milango ikiwa imefungwa.

Dini inayotegemea kusoma kwa sauti mbele ya watu hufanyaje pasipo sauti wala watu? Inasinyaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1971 alifikisha miaka minane bila kusikia derasha hata moja hadharani.

Katika miaka ya 1980 vijana ndio walioinuka. Miongoni mwao walikuwa Gershom Sizomu na kaka yake Joab Jonadav Keki. Walikaa pamoja Nabugoye kwa mtindo wa kibbutz, yaani kijiji cha ushirika cha Kiisraeli, wakalima, wakajifundisha, wakatunga tuni za Kiafrika kwa zaburi na sala. Nyimbo hizo zilirekodiwa katika albamu iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Mwaka 2002 marabi waliokuja kutoka ng'ambo walikuwa wamewapokea rasmi watu karibu 400. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, waliona bora washike njia ya Wayahudi wa Orthodoksi, wanaozishika sheria kwa ukali zaidi. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008, akarudi kufundisha. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho North, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge wao.

Neno rabi lenyewe lina maana ya mwalimu wangu. Rabi si kasisi, na derasha si mali yake peke yake. Mjuzi yeyote anaweza kuombwa aitoe. Mtoto akitimiza miaka 13 huitwa mbele kusoma, na kwingi hutakiwa naye aseme machache juu ya fungu la juma hilo, wajomba na mashangazi wakimkodolea macho.

Kinachosomwa si kitabu cha kawaida. Ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, lenye herufi 304,805, na herufi hizo hazina alama za irabu wala za mahadhi. Msomaji amekwisha kuyatia yote kichwani kabla ya Jumamosi. Haligusi gombo kwa kidole. Hufuata mstari kwa kijiti ambacho ncha yake imechongwa mfano wa mkono mdogo ulionyosha kidole cha shahada. Pembeni yake wanasimama watu wenye macho makali. Akikosea neno hadi maana ikageuka, wanamkatiza palepale, naye analirudia. Aliyewahi kumsikia maamuma akimkumbusha imamu aya wakati wa tarawehe ataelewa kwamba hapo hakuna anayevunjiwa heshima. Kisha huja maelezo. Sala za Nabugoye huchanganya Kiebrania, Kiganda na Kiingereza, na derasha huzungumza lugha ya waliokaa mbele yake.

Derasha ya kila juma haikuwa desturi ya kila mahali. Kwa karne nyingi huko Ulaya ya mashariki rabi wa mji alihubiri kwa kirefu mara mbili tu kwa mwaka, kabla ya Pasaka na kabla ya Siku ya Upatanisho. Nafasi iliyobaki waliijaza wahubiri wa kutembea miji. Mashuhuri kati yao alikuwa Jacob Kranz wa Dubno, aliyefariki mwaka 1804, fundi wa mifano. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa anapataje mfano unaolingana sawasawa na kila aya, alijibu kwa kisa cha kijana ambaye mishale yake yote ilikutwa katikati ya duara ukutani. Siri ya kijana ilikuwa moja: alilenga ukuta kwanza, kisha akachora duara kuuzunguka mshale.

Nje ya Jumamosi kuna kusoma wawili wawili. Mmoja anasoma, mwenzake anapinga, na hakuna anayetulia mpaka hoja iishe. Ukurasa wa Talmudi, ule mkusanyo wa mijadala ya sheria za Kiyahudi, umepangwa kwa ugomvi huo: matini katikati, na pembezoni ufafanuzi wa mwanachuoni Rashi, aliyefariki mwaka 1105, upande mwingine wakiwa wale waliokuja baada yake kumjibu. Wanaosoma vitabu vya fikihi vyenye sharhi pambizoni watauzoea ukurasa huo haraka.

Kuna usiku mmoja ambao mahubiri huhamia mezani nyumbani. Ni mwanzo wa Pasaka: mtoto mdogo kuliko wote anauliza maswali, na wakubwa wanawajibika kumsimulia jinsi mababu walivyotoka utumwani Misri. Mwaka 1979 usiku huo ulikuwa Aprili 11, na siku hiyohiyo Kampala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliopigana upande wao. Amin alikuwa ameanguka. Abayudaya hawajaacha kuzisimulia habari hizo mbili pamoja.

Huko Koboko na Arua mwezi uleule uliacha masimulizi mengine. Watu waliogopa kulipiziwa kisasi kwa makosa ya mtawala aliyetoka kwao, wakaanza kufunga mizigo kuelekea Zaire na Sudani. Baada ya 1980 wakafuata wengine kwa maelfu, na baadhi yao wakakaa ugenini miaka. Wazee waliorudi husimulia walikopita, nani alibeba nini kichwani, nani aliachwa njiani, na wajukuu wanauliza.