Pikipiki ya spoti ya mtumba: mtihani ni miezi mitatu ya mwanzo

Juzi mtoto wa ndugu yangu alinipigia simu kutoka Kisauni.

"Ami, nimeipata," akaniambia hata salamu hatujamaliza. "Cc 600, nyekundu, mwenyewe yuko huko huko Nairobi. Niangalilie. Nikija Ijumaa nalipa, Jumamosi nateremka nayo Mombasa."

Nikamuuliza pikipiki kubwa kabisa aliyowahi kuendesha ni ipi. Akasema boda ya rafiki yake. Leseni? Anayo ya gari. Helmeti? "Mwenyewe atanipa yake, Ami, bure."

Sikumgombeza. Nilimwambia asitume hata shilingi ya arubuni mpaka tuzungumze, kwa sababu maneno yake yote niliwahi kuyasema mimi. Nimeona bora niyaandike hapa, maana vijana wetu wengi wa Pwani siku hizi wananunua pikipiki hizi bara na kuja nazo nyumbani.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki imeniweka Shauri Moyo, mtaa wa Eastlands ulio baina ya Kamukunji na Jogoo Road. Huku pikipiki ndiyo miguu ya watu. Nyama ya soko la Burma inabebwa na pikipiki, marobota ya Gikomba yanabebwa na pikipiki. Mtaa wenyewe ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kijiji cha Pangani, na wazee wengine wanaujua kwa jina lake jengine, Kaburini. Nikiwaona vijana wakiizunguka pikipiki ya spoti iliyowekewa kibao cha kuuzwa, majina hayo mawili hunijia pamoja. Tunanunua kwa shauri la moyo, na tusipoangalia tunaishia kwenye jina la pili.

Mwaka 2019 nilinunua yangu, cc 250, ya mkono wa tatu. Rangi ilikuwa inang'aa, sauti tamu, tairi zina meno. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, nami sikuona kidonda chochote. Wiki ya pili mvua ikanyesha nikiwa natoka mjini. Karibu na mzunguko wa City Stadium matatu ilisimama ghafla mbele yangu. Nikabana breki ya mbele, gurudumu likateleza kama limekanyaga sabuni. Mtulinga ukavunjika, na miezi miwili sikufanya kazi.

Fundi aliyekuja kuitazama pikipiki hakuzungumzia matatu wala mvua. Aliinama akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi ya mbele: 3109. Maana yake tairi ile ilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2009. Ilikuwa na miaka kumi. Meno yalikuwapo, lakini mpira ulishakuwa mgumu kama ubao.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Pikipiki ya mtumba huinunui peke yake. Unainunua pamoja na kila kitu ambacho wenyewe waliotangulia hawakukifanya. Kazi yako miezi mitatu ya mwanzo ni kuyatafuta makosa yao kabla hayajakutafuta wewe.

Karatasi kabla ya pesa

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kulipa, ingia kwenye eCitizen, sehemu ya NTSA, ulipie utafutaji wa rekodi za namba ile. Utaona jina la mwenyewe wa sasa. Kama jina si la huyo anayekuuzia, muulize kwa nini, na usikubali jibu la "nitakuletea yule jamaa baadaye". Angalia pia kama kuna benki, sako au mkopeshaji aliyeandikwa juu yake. Pikipiki iliyowekwa rehani haijawa mali ya muuzaji kuiuza.

Kisha chukua tochi. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizo kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya, ondoka.

Mkikubaliana, uhamisho wa umiliki ufanyike siku ile ile mko pamoja: muuzaji anauanzisha kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu tangu kuhamishwa kwa mali. Zikipita, chombo hakifai kuwa barabarani ikiwa hakijaandikishwa kwa jina lako. Na wewe unayeuza, sikia pia: maadamu jina lako liko kwenye rekodi, sheria inakuhesabu wewe ndiye mwenyewe mpaka uthibitishe vyengine. Pikipiki ile ikigonga mtu, mlango utakaobishwa ni wako.

Bima usiiahirishe hata siku moja. Ile ya lazima inalipia madhara utakayowafanyia wengine, haikutengenezei pikipiki wala mguu wako. Ukitaka kufidiwa ikiibiwa au ikivunjika, hiyo ni bima kubwa, na bei yake uiulize kabla ya kununua.

Plastiki huficha mengi

Boda ikianguka unaiona. Pikipiki ya spoti imevishwa plastiki mwili mzima, na plastiki mpya huweza kufunika fremu iliyopinda. Kwa hiyo tazama sehemu ambazo muuzaji hazikumbuki: ncha za usukani, ncha za vishikio vya breki na klachi, vifuniko vya injini pande zote mbili. Zikiwa zimekwaruzwa upande mmoja, ilianguka upande huo. Kisha geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, utazame chini pale unapogota. Kigoto kilichobonyea au kuvunjika kinaonyesha kwamba usukani ulipigwa kwa nguvu, na hiyo si ajali ndogo.

Pitisha kidole kwenye mabomba ya shokamzoba za mbele. Kikitoka na oili, sili zimekufa. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono karibu na injini. Ikiwa tayari ina moto, huenda kuna tatizo la kuwaka asubuhi ambalo hataki ulione. Ikiwaka na kutoa moshi wa buluu usiokatika, inakula oili.

Usimalize pesa kwa muuzaji

Kosa langu kubwa lilikuwa hili. Nilikuwa na akiba, nikaimwaga yote kwenye pikipiki. Ukiwa na shilingi 400,000, usitafute pikipiki ya 400,000. Tafuta ya 300,000. Hiyo robo iliyobaki ndiyo itakayokuweka hai, na hivi ndivyo inavyotumika.

Kwanza tairi. Soma zile tarakimu nne. Tairi iliyopita miaka sita mimi siipandi, iwe ina meno ama haina. Na kabla ya kununua, uliza kama saizi yake inapatikana. Cc 600 nyingi hutumia 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote za inchi 17. Hizo si tairi za kuokota kwenye kila duka la boda.

Pili breki. Badilisha maji ya breki hata kama muuzaji ameapa ni mapya, kwa sababu hunyonya unyevu na kuharibika hata pikipiki ikiwa imesimama. Tazama unene wa pedi. Diski nayo imeandikwa kipimo cha mwisho cha wembamba. Ikifika hapo, haina tena kazi.

Tatu oili na cheni. Nimeona watu wakitia oili ya gari ili kuokoa mia mbili. Pikipiki nyingi za aina hii klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano zinazoifanya klachi iteleze. Nunua iliyoandikwa JASO MA au MA2. Cheni iwe safi, ina mafuta, na ulegevu wake ufuate kipimo cha kitabu cha pikipiki ile. Fundi wa boda akikuambia "zote ni sawa", mshukuru, umtafute mwengine. Vipuri vingi utavisikia habari yake Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Lakini pita huko kabla ya kununua pikipiki, si baada yake. Ikiwa pedi za breki tu lazima ziagizwe nje, jua utakaa wiki kadhaa bila chombo.

Nne helmeti. Gikomba utapata koti la ngozi zuri, glavu na viatu vizito vya mtumba, na hivyo havina neno. Helmeti usinunue ya mtumba wala usipokee ya zawadi. Ikishapigwa mara moja ndani imekwisha, na kwa nje huoni kitu. Nunua mpya inayokubana mashavu, yenye alama ya ECE. Sheria inadai helmeti na jaketi la kung'aa kwako na kwa unayempakia, na abiria ni mmoja tu.

Mkono wako ndio wa mwisho kukaguliwa

Boda ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12. Cc 600 za spoti zenye silinda nne huwa na zaidi ya 100. Ukizungusha mkono kwa kiasi ulichozoea kwenye boda, yule mnyama wa pili hatakusubiri ufikiri. Ndiyo maana nasema anza na cc 250 au 300, hata kama pesa ya kubwa unayo.

Leseni ya gari haikupi ruhusa ya pikipiki. Nenda ukasome, upate daraja A2. Kisha tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi, ujifunze kufunga breki. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, lakini haibanwi kwa ghafla. Banza kidogo kwanza, uzito uje mbele, kisha ongeza. Rudia mpaka mkono ufanye bila kuuliza. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, maana mafuta yaliyomwagika barabarani huelea juu ya maji. Na ile mistari myeupe ya rangi, ikilowa, ipite kwa adabu.

Ukiiteremsha Pwani

Nairobi hadi Mombasa ni kilomita zinazokaribia 480, na malori hayana idadi. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma kando, kisha hukuvuta. Pikipiki uliyoinunua Ijumaa usiisafirishe Jumamosi. Iendeshe mjini mwezi mzima, uisikilize. Siku ukiondoka, toka alfajiri, pumzika Emali, Mtito Andei na Voi, na usipite Tsavo usiku, kwani wanyama huvuka.

Kama ni ya kabureta, kumbuka Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya huku inaweza kutaka kurekebishwa ikifika usawa wa bahari. Zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe.

Kisha kuna chumvi. Upepo wetu wa bahari hula cheni, misumari ya breki na nyaya kimya kimya. Ioshe kwa maji matamu kila wiki, ikaushe, itie cheni mafuta, na usiilaze karibu na ufuo bila kuifunika. Bara pikipiki ikipuuzwa mwaka mmoja huchafuka. Kwetu inaoza.

Ile nyekundu

Nilikwenda kuitazama kama nilivyoahidi. Plastiki yake mpya kabisa. Ncha ya usukani upande wa kulia imelika, na kigoto cha usukani kimebonyea. Tairi ya nyuma ya miaka minane. Logibuku ina jina la mtu ambaye muuzaji alisema yuko safarini. Nilipiga picha kila kitu nikamtumia kijana.

Alinyamaza siku nzima, nikajua amekasirika. Jioni akapiga.

"Ami, ile ya cc 250 uliyoisema, hata sauti haina."

"Sauti utaisikia," nikamwambia. "Mtulinga ukivunjika pia una sauti."

Akacheka kidogo. Wiki hii ameanza masomo ya A2. Helmeti ameshanunua, mpya, kwa pesa zake. Pikipiki bado, na wala hatuna haraka.