KONGOSHO LIKIWAKA: ALAMA ZISIZOJULIKANA SANA



Kongosho ni kiungo chenye kulala nyuma ya tumbo la chakula. Linatoa maji yenye kuyeyusha chakula, tena linasaidia mwili kupima sukari katika damu.

Majiwe ya nyongo, ao pombe nyingi, zaidi pombe kali kama lutuku, inaweza kuliwasha. Hapo maji yake yanaanza kuyeyusha kongosho lenyewe. Maumivu makali yanashika gafula juu ya kitovu na kupita mpaka mugongoni. Mugonjwa anatapika, anainama mbele ili apate nafuu.

Wengi wanapona. Lakini mara chache ugonjwa unatoka tumboni na kugusa viungo vingine. Jifunzeni alama hizi:

1. Ngozi. Damu ikivuja ndani, ngozi ya mbavuni ao karibu na kitovu inageuka rangi kama mahali palipopigwa. Munganga Grey Turner aliandika juu ya alama hiyo mwaka 1920. Kwa ngozi nyeusi haionekani vizuri, usiingojee.

2. Macho. Mishipa midogo ya jicho inaziba, mutu haoni tena vizuri. Huo si ulozi.

3. Mikono. Kalsiumu ikipunguka katika damu, vidole vinakazana na midomo inawasha.

4. Akili. Mugonjwa anasema ovyo, hajui mahali alipo. Majirani watasema amelewa tu, na kumuacha alale. Hapo ndipo mutu anaweza kufa.

5. Miguu. Vivimbe vyekundu vyenye kuuma vinatokea. Usivipasue kama jipu.

Hata kisha kurudi nyumbani, angalieni. Majuma 4 ao zaidi yakipita, maji yanaweza kukusanyika tumboni na kufanya uvimbe. Akitapika damu, ao choo kikiwa cheusi kama lami, ni hatari kubwa.

Mufanye nini? Mumupeleke hopitali siku ile ile, hata usiku. Musimupe chakula wala kinywaji mbele munganga hajamuona. Musimuingizie dawa kwa nyuma na mpira, wala kumunywesha dawa ya kuharisha. Na kama alikwisha kuugua kongosho zamani, museme neno hilo kwanza, sababu munganga anayeona macho ao miguu tu hawezi kulikisia.

Mwenye kupona aache pombe kabisa. Chupa moja ya kusherehekea mushahara inaweza kumurudisha kitandani.