Miaka 26 bungeni bila kura

Eni Faleomavaega aliingia katika Bunge la Marekani Januari 1989 na kutoka Januari 2015. Katika miaka hiyo 26 alihutubia, alipeleka miswada, aliongoza vikao. Kitu kimoja hakuwahi kukifanya: kupiga kura ya mwisho ya kupitisha au kuangusha muswada. Alikuwa mjumbe wa Samoa ya Marekani, visiwa vya Pasifiki ya Kusini ambavyo sensa ya 2010 ilivikuta na watu 55,519, na Katiba ya Marekani inatoa kura za bungeni kwa majimbo tu.

Msomaji aliyezoea kumsikia mbunge wa Micheweni, visiwani Zanzibar, akisema "ndiyo" au "siyo" pale Dodoma sawasawa na mwenzake wa Kongwa, Tanzania Bara, atauliza: sasa bwana huyu alikwenda kufanya nini? Ndani ya kamati, mjumbe wa aina yake ana kura kama wengine, na anaweza hata kuwa mwenyekiti. Nje ya kamati anategemea mdomo wake na marafiki zake. Mwaka 1993 chama chake cha Democratic kiliwaruhusu wajumbe wa maeneo yasiyo majimbo kupiga kura katika hatua fulani za mjadala, lakini kwa sharti: ikionekana kura zao ndizo zilizoamua matokeo, kura irudiwe bila wao. Hata zawadi hiyo ya kejeli Republican waliifuta 1995, ikarudishwa 2007, ikafutwa tena 2011.

Alizaliwa 1943 katika kijiji cha Vailoatai, kisiwani Tutuila, akakulia Hawaii, akapelekwa Vietnam kama askari, kisha akasomea sheria. Jina la familia yake lilikuwa Hunkin. Faleomavaega ni cheo cha matai, mkuu wa ukoo, ambaye ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo na msemaji wake. Miaka ya 1970 alifanya kazi Washington, kwanza kama msaidizi wa mwakilishi wa visiwa vyake, baadaye kama mwanasheria wa kamati ya Bunge. Akarudi nyumbani, akawa naibu gavana. Mwaka 1987, akiwa na wadhifa huo, alijiunga na mabaharia wa Hōkūleʻa, chombo cha matanga kinachoongozwa kwa nyota na mawimbi bila dira, wakavuka kutoka Polinesia ya Ufaransa hadi Hawaii. Mwaka uliofuata mjumbe aliyekuwapo, Fofo Sunia, alijiuzulu kwa kashfa ya mishahara hewa, na Eni akachaguliwa kushika nafasi yake.

Mwaka 1995, Ufaransa ilipoamua kurudia majaribio ya nyuklia kisiwani Moruroa, Polinesia ya Ufaransa, hakuishia kwenye hotuba. Alipanda Rainbow Warrior, meli ya Greenpeace, pamoja na Oscar Temaru, mwanasiasa wa Tahiti, na wakakamatwa na wanajeshi wa Ufaransa. Kati ya 2007 na 2011 alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Asia na Pasifiki. Akaitumia kuwasikiliza waathirika wa Agent Orange, sumu iliyomwagwa Vietnam na jeshi lilelile alilolitumikia, na mwaka 2010 akaitisha kikao kuhusu mateso ya watu wa Papua Magharibi mikononi mwa jeshi la Indonesia. Mambo hayo hayakuwa na faida ya kura nyumbani kwake Pago Pago. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyompa uzito kuliko wabunge wengi wenye kura zao.

Nyumbani watu walikuwa na wasiwasi wa jodari. Ukiondoa ajira za serikali, uchumi wa visiwa hivyo ulisimama juu ya viwanda viwili vya kusindika samaki huyo. Mwaka 2007 Bunge liliagiza kima cha chini cha mshahara kipande pale kwa senti 50 kila mwaka, bila kujali kwamba Thailand wafanyakazi wa kazi hiyohiyo walilipwa kidogo mno. Eni, mtu wa chama kinachotetea wafanyakazi, akajikuta akiomba nyongeza icheleweshwe. Septemba 29, 2009 tsunami ikapiga visiwa hivyo na kuua watu 34. Siku iliyofuata kiwanda cha Chicken of the Sea kikafungwa, kama kilivyokuwa kimetangaza miezi kadhaa kabla, na ajira 2,000 hivi zikapotea. Bunge lilikubali kusimamisha nyongeza kwa muda. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya namna hiyo: kukinga sheria iliyotungwa kwa watu milioni 300 isiwaangukie watu 55,000.

Ndivyo ninavyouelewa hata msimamo wake uliowakera wengi. Anayezaliwa Samoa ya Marekani hupewa pasipoti ya Marekani, lakini si raia. Mwaka 2012 Wasamoa kadhaa walikwenda mahakamani kudai uraia wa kuzaliwa. Mjumbe wao akawapinga. Alihofia kwamba uraia ukiletwa na mahakama, kanuni za usawa za Katiba zitavunja sheria inayozuia ardhi ya ukoo isiuzwe kwa wageni, na vyeo vya matai pamoja nayo. Yeye mwenyewe alibeba cheo kama hicho, kwa hiyo hakuwa mtu wa pembeni katika shauri hili, na wapinzani wake wana haki ya kulisema hilo. Mahakama ya rufaa ya Washington ilikubaliana naye Juni 2015.

Wakati huo alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameugua, na Novemba 2014 wapiga kura walimchagua Aumua Amata Radewagen wa Republican, mwanamke aliyegombea kiti hicho mara nyingi bila mafanikio. Eni alifariki Februari 2017 huko Utah, akiwa na miaka 73. Amata ndiye aliyepeleka muswada wa kuipa kliniki ya maveterani wa Pago Pago jina la Faleomavaega. Na kuhusu uraia, alibaki palepale alipokuwa mtangulizi wake. Kesi nyingine ilifunguliwa Utah, ikashinda, ikashindwa kwenye rufaa, na Oktoba 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Msamoa anayehamia Salt Lake City, hata kama ni askari mstaafu wa jeshi la Marekani, bado anajaza fomu na kufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kupiga kura.