Wanaopanda kwa ajili ya mapafu ya wengine



Huko Chicago, Marekani, kuna nyumba ndefu iliyojulikana miaka mingi kwa jina la John Hancock Center. Watu wanakusanyika chini yake, wanaacha mashine ya kupandisha watu, wanapanda kwa miguu ngazi 1,632 mpaka orofa ya 94. Kabla ya siku ile kila mmoja amezunguka kwa jamaa na majirani: mimi nitapanda, ninyi mtatoa. Feza inaenda kwenye kazi ya kulinda mapafu. Shirika linalotayarisha jambo hili lilianzishwa mwaka wa 1906, na wakati ule lilipigana na kifua kikuu, ugonjwa tunaouita tebe.

Kwa nini ngazi? Kwa sababu mzima akifika katikati anatweta, miguu inatetemeka, naye anaonja kidogo yale mgonjwa wa mapafu anayosikia akitoka kitandani kwenda mlangoni.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Tanganyika wanafanya kitu kinachofanana. Tangu 2002 mgodi wa zahabu wa Geita unapandisha watu Kilimanjaro, mita 5,895, kukusanya feza ya kupambana na ukimwi. Na ukimwi na tebe, tunajua, ni marafiki wabaya.

Sisi hapa hatuna nyumba ya orofa 94. Hata ya kumi hatuna! Lakini zahabu tunayo, na wachimbaji wake tunao, pale Namoya na Salamabila. Anayeponda jiwe anavuta vumbi laini sana. Linakaa ndani ya mapafu, linaacha makovu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Mapafu ya namna hiyo yanashikwa na tebe upesi. Kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kuliponda kunapunguza vumbi. Kazi ndogo, lakini wengi wanaona ni kupoteza wakati.

Tuseme kosa letu. Kijana mmoja wa kanisa, mchimbaji, alirudi nyumbani akikohoa. Tulimwekea mikono, tukafunga, juma baada ya juma, wala hatukumuuliza hata mara moja kama amepimwa makohozi. Alipopimwa, mama yake na mdogo wake walikuwa wameanza kukohoa pia. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumkalisha.

Dawa za tebe katika nchi yetu zinatolewa bure. Zinamezwa miezi sita: miwili ya kwanza dawa za namna nne, minne inayofuata namna mbili. Siku za kwanza mkojo unageuka kuwa mwekundu na watu wanaogopa, wanasema ni damu, wanasema ni sumu. Ni rangi ya dawa tu. Hatari kubwa inakuja baadaye, wakati mgonjwa anasikia nguvu, anasema amepona, anarudi shimoni. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuzoea dawa, na matibabu yanayofuata ni magumu zaidi. Mchungaji anayemwambia mtu atupe dawa ili aonyeshe imani, anamwua.

Ila pikipiki mpaka kituo cha afya si bure. Unga, maharagwe na mawese ya kumtia mgonjwa nguvu si bure. Hapo ndipo wengi wanakwama, wala si kwa ukaidi. Kule Kapernaumu, katika Marko sura ya 2, mgonjwa hakupanda juu ya paa mwenyewe. Wanne walimbeba.

Kwa hiyo vijana wetu wameomba nao wapande. Jumapili ya tatu ya mwezi, baada ya ibada, watapanda kilima cha nyuma ya kanisa mara kumi, kila mmoja akiwa na watu wake waliokubali kutoa kidogo kwa kila mpando. Matoleo hayo yatalipa safari na chakula cha wagonjwa walio katika dawa, awe wa kanisa letu au wa msikiti. Mashemasi watasoma hesabu mbele ya wote.

Mwenye kifua kibovu asipande. Aketi mezani ahesabu feza. Na aliyekohoa majuma mawili asingoje Jumapili ile. Aende kupimwa kesho asubuhi.