Simba wa Chartres: Wanyama katika Sanaa ya Makanisa ya Zama za Kati

Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, simba amechongwa kwa hali mbili zinazokinzana. Kwenye lango la magharibi, la katikati ya karne ya 12, ana mabawa na yuko kando ya Kristo aliyeketi katika utukufu, pamoja na mtu, ng'ombe dume na tai; hao ndio viumbe wanne wa maono ya Ezekieli na Ufunuo wa Yohane, ambao mababa wa Kanisa waliwafanya alama za Wainjili wanne, simba akiwa wa Marko. Kwenye lango la kusini, la karne ya 13, Kristo amesimama akiwakanyaga simba na joka, kama isemavyo Zaburi ya 91, na hapo simba ni ibilisi. Anayetafuta maana moja tu ya kila mnyama hupotea mapema, kwa kuwa maana hutegemea mnyama amewekwa wapi na anatendewa nini.

Wachongaji wengi wa Ulaya hawakuwahi kumwona simba aliye hai. Sifa zake walizipata katika mapokeo ya Physiologus, kitabu kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne za mwanzo za Ukristo, pengine Aleksandria, kisha kikatafsiriwa kwa Kilatini na hata kwa Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia. Humo ilisimuliwa kwamba watoto wa simba huzaliwa wakiwa wafu, na siku ya tatu baba yao huwapulizia pumzi wakafufuka. Mwari naye, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, alisemekana kujitoboa kifua ili damu yake iwahuishe makinda, hivyo akawa alama ya Kristo msalabani na ya Ekaristi. Mwari halisi huwalisha makinda samaki aliokwisha kuwameza, lakini jambo hilo halikuwashughulisha sana watu waliomsoma mnyama kama wasomavyo maandiko.

Dhihaka nayo ilipata nafasi. Katika kanisa la Ripon, Uingereza, chini ya viti vya kukunja vya makasisi, maseremala wa mwishoni mwa karne ya 15 walimchonga mbweha mimbarini akiwahubiria bata bukini na jogoo, kejeli kwa wahubiri wenye tamaa, iliyowekwa pale pale ambapo watumishi wa Kanisa wangeikalia.

Si wote walioridhika. Mnamo 1125 hivi, mtawa Bernard wa Clairvaux alilalamikia nyani, simba na mazimwi yaliyojaa katika vibaraza vya monasteri, akihofia kwamba watawa wangeshinda wakisoma mawe badala ya vitabu. Na ikiwa hakuna aliyeuonea haya upuuzi huo, aliongeza, basi angalau gharama yake iwaume.